Mkono wa mgeni rasmi

Jamani, leo nimemwita Bernadeta mjinga mbele za watu. Nihukumuni nyie.

Tulikuwa kwenye mashindano ya upinde hapa Mwanza, timu ya mwanamke na mwanaume. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Yeye ana mkono mmoja, uzi anauvuta kwa meno.

Umebaki mshale mmoja, wa kwake, na sekunde zinakimbia.

Mgeni rasmi huyoo, akaingia uwanjani, akamnyooshea mkono!

Bernadeta akaweka upinde chini.
"Shikamoo, baba."

Muda ukaisha. Tukatolewa.

"We mjinga nini? Umeachaje upinde?"
"Sasa ningemwacha mzee na mkono hewani?"

Baadaye mgeni akaja kunipa pole.

Nikampokea kwa mikono miwili, na shikamoo juu.

Bernadeta ananiangalia tu.