Kesi ya Mpaka kwenye Meza ya Rangi

Kila Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi, sista anayetutunza katika nyumba hii ya wazee, hapa Butembo, hutandika karatasi moja kubwa juu ya meza ya kulia chakula, hugawa brashi na vikopo vya rangi, kisha hutuambia tuchore. Mwanzoni nilikataa. Nilisema mimi nilimaliza sekondari, sikuja hapa kurudishwa shule ya watoto wadogo. Mama mmoja wa Lubero, ambaye ulimi wake haujazeeka pamoja na mwili, aliwaambia wenzake: "Muache huyu papa. Anaogopa diplome yake itachafuka rangi."

Kilichonitoa kitandani ni jirani yangu. Kati ya kitanda chake na changu kuna kiti kimoja tu. Aliletwa na mwanawe kutoka upande wa Beni, walikoacha shamba la kakao kwa sababu ya mauaji ambayo kila mtu hapa anayajua. Tangu aingie hakuwa amesema neno. Chakula alikionja tu, kisha akageukia ukuta. Sista hakunificha: asipoanza kula atapelekwa hospitali, na katika umri wetu wengi huenda huko bila kurudi.

"Papa, weye ndiye jirani yake," aliniambia. "Umulete ku meza."

Basi nikamshika mkono, tukaenda wote wawili. Alishika brashi kama mtu aliyepewa dawa chungu. Kisha, polepole, akachora. Ilitoka mikakao, matunda yake ya njano yameng'ang'ania shina lenyewe. Chini akapitisha mto. Pembeni akapanda safu ya ule mmea wa majani marefu ambao kwetu huonyesha mpaka wa shamba. Sista alipopita alisema, "Ni muzuri sana, papa." Akaendelea kuchora.

Mimi hakuna aliyenisifu. Nikaona upande wangu karatasi ni tupu, nikaanza kuchora mikaratusi, kwa kuwa ndio mti rahisi: mstari ulionyooka na wingu la kijani juu. Wa kwanza ulinipendeza, nikaongeza mwingine, na mwingine. Nilijisikia fundi. Nikavuka ile safu ya majani marefu bila kutazama, na mti wa mwisho nikausimamisha kando kabisa ya mto wake.

"We!"

Nilitazama nyuma kuona nani amesema.

"We papa! Unaniingilia mu shamba! Mikaratusi karibu na mayi? Itakunywa muto wote! Nani alikupa ruhusa?"

Alikuwa ni yeye, amesimama, sauti kubwa kuliko mwili wake. Katika milima yetu jambo hili halihitaji maelezo. Mti ule hukausha chemchemi, na kuna ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa sababu yake. Ningesema samahani, ingekwisha. Lakini nilijibu kama nilivyozoea kujibu maisha yangu yote: "Mupaka sikuiona."

"Hukuiona? Weye iko kipofu?"

Mama wa Lubero alikwisha kufuta mikono kwenye kitenge na kujifanya jaji. "Bazee, mutulize roho. Mushitakiwa asimame."

Nikasimama. Magoti yakalia.

"Na hayo magoti yanyamaze, tuko mu kesi."

Sista, kwa hofu ya ugomvi, alimjia jirani yangu mbio na karatasi mpya. "Papa, chukua hii, uchore shamba ingine."

Mzee aliisukuma kando karatasi ile nyeupe. "Shamba hapana kuhama," alisema. "Miye ndiye nilihama."

Nilielewa nilichofanya: mtu alikuwa amefika kwake kwa mara ya kwanza tangu aondoke, na mimi nikamfuata huko huko kumsumbua.

"Nimekosa," nilisema. "Miti ni yangu. Nitaikata."

"Aikate," jaji akaamua, "na atoe mbuzi moja ya faini."

Mbuzi nikamchora palepale. Mama akainamisha kichwa. "Hii ni mbuzi ao ni kiti?"

"Ni kiti yenye pembe," akajibu jirani yangu.

Rangi ile haifutiki, kwa hiyo nilifunika miti kwa rangi ya udongo, nikaacha visiki tu. Alisimama mgongoni mwangu akiniamuru. "Chini zaidi. Kata chini! Weye hukulima hata siku moja?" Kengele ya chakula ililia hajamaliza kunigombeza, akaendelea mezani, mdomo umejaa bugali na maharagi, kisha akaomba aongezewe sombe, yale majani ya muhogo. Sista aligeukia dirisha. Mimi nilikula kimya, kama inavyompasa mtu aliyeshindwa kesi.

Alhamisi iliyofuata jirani yangu alinitangulia mezani. Karatasi ilikuwa ile ile. Kila mkulima anajua kwamba kisiki cha mkaratusi huchipuka, na kweli, juu ya visiki vyangu vyote vilikuwa vimeota vitawi vya kijani, rangi bado mbichi.

"Unaona?" alisema kwa ukali. "Ulikata vibaya. Inaota tena. Utakuja kukata kila juma."

Kidole chake cha shahada kilikuwa kijani mpaka kwenye kucha. Nilivuta kiti karibu naye, nikaomba msamaha, nikachovya brashi.