Gauni Lililotundikwa Verandani

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kazi yangu katika baraza la mji wa Kisii ilikuwa kung'oa vibao. Wakubwa walitaka ile safu ya maduka ya zamani yenye veranda ibaki na sura yake, kwa hiyo kila duka liliruhusiwa kibao kimoja kidogo cheupe, maandishi meusi, bila picha. Nikawa nashinda juu ya ngazi, na mvua ya mchana inanikuta huko huko.

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo kutoka Mosocho, alikuwa na picha ya gauni jekundu. Nilipoishusha aliniuliza, "Baba, wateja wangu wanatoka Nyaramba na hawajui kusoma. Watanijuaje?" Nikamwambia sheria ni sheria. Nilikuwa nimechoka.

Kesho yake alitundika gauni lenyewe. Nikaisoma sheria upya. Gauni si kibao. Wiki haikuisha, mwenye hoteli akaning'iniza sufuria, muuza majembe akatundika jembe, na muuza vinyago akaweka mlangoni kiboko wa jiwe la kuchonga kutoka Tabaka ambaye hata kumsogeza sikuweza. Mtaa ukaonekana kama soko lililopanda ukutani. Mkubwa wangu akafoka, nami sikuwa na la kung'oa.

Jioni moja, nikirudi na ngazi begani, mgeni aliniuliza ilipo posta.

"Nyoosha na barabara hii," nikamwambia. "Ukishapita gauni, kata kushoto kwenye sufuria."