Ngazi za Bi Idalmis

Ukitaka kupanda kwenye paa la Bi Idalmis sharti upite jikoni kwake, na ukipita jikoni kwake hutoki bila kikombe cha kahawa. Namjua tangu nikiwa mtoto wa kukimbizwa kwa fagio, na sijaona mtu aliyekwepa kikombe hicho. Nyumba yake iko kitongoji cha Lawton, pale mtaa unapopanda, ndefu kuliko zote za jirani, na ngazi zake za chuma zinalia kila zikikanyagwa.

Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu. Kisha mwanawe wa pekee, Leosvani, akaenda zake ng'ambo, akaacha juu ya paa antena, ruta na rundo la nyaya. "Mama, usizime tu," ndivyo alivyomuaga. Bi Idalmis hakuzima.

Mtandao wenyewe si ule wa dunia nzima. Ni wetu, tumeuvuta paa kwa paa kwa mikono yetu, na ndani yake tunacheza, tunapiga soga, tunapeana filamu. Kila kifurushi cha data kina anwani yake mgongoni. Kazi ya ruta ni kusoma anwani hiyo na kukisukuma kwa ruta jirani iliyo upande kinakokwenda. Njia nzima haiijui, inamjua jirani tu. Bi Idalmis alipoelezwa hivyo alicheka sana.

"Kumbe ni kama mtaa huu! Ukitaka habari zifike Luyanó, unamwambia jirani yetu Fermín. Yeye ndiye anajua wa kumwambia."

Tangu siku hiyo hatukumfundisha tena.

Waya hauwezi kuvuka bonde hadi kitongoji cha Luyanó. Hapo ndipo ilipohitajika ile antena. Inatazamana na mwenzake wa upande wa pili, nazo zinapelekeana data kwa mawimbi ya redio, mradi kisikae kitu katikati yao. Kwa hiyo kila mchezo na kila salamu ya kwetu kwenda Luyanó ilipita juu ya kichwa cha yule mama, na kila mwenye shida na mtandao alipanda ngazi zake. Nyumba ilikuwa haipoi. Siku moja akichambua maharage meusi aliniambia, "Osmel, mwaka ule Leosvani alipoondoka nilikuwa nazungumza na sufuria. Nyie ndio mliniokoa. Msidhani ni antena."

Basi laini ya Luyanó ikaanza kukatika. Asubuhi inakata, alasiri inarudi yenyewe. Kesho yake shwari, keshokutwa inakata tena. Ikikata, vifurushi vinalazimika kuzunguka kupitia ruta za mitaa ya mbali, na vikifika, wewe mchezoni umeshapigwa risasi na kuzikwa. Watu walikuja juu. Yasniel, msimamizi wetu wa mtandao, fundi hodari ila ana presha ya bure, alikuja na mimi tukapiga hodi.

"Ngojeni wanangu, nipange kidogo huko juu!" Bi Idalmis akaitikia.

Tukangoja, tukanywa kahawa, tukapanda. Antena nzima, mawimbi yamejaa. Tukashuka. Safari nyingine ikakata, Yasniel akabadilisha waya. Ikakata, akabadilisha ruta. Kila mara ni hodi, ngojeni, kahawa, tunapanda, na antena haina ugonjwa wowote.

"Hii antena ikiniona inajifanya nzima," Yasniel alilalamika.

"Inaogopa sura yako," nikamwambia. "Hata mimi naiogopa."

Hakucheka. Alitangaza kwamba Jumapili tutakutana ili antena ihamie kwa Fermín, dereva wa basi mstaafu, mgane, aliyekuwa amemaliza kuongeza ghorofa kwake. Bi Idalmis alisikia. Alitupikia kahawa kama kawaida yake, akasahau sukari. Hapo nikajua limemchoma, na mimi likanichoma pia.

Jumapili tulikutana sebuleni kwake. Aliweka birika mezani, akabeba beseni lake.

"Nyie zungumzeni. Leo ni siku ya maji, nina nguo za kuanika."

Kwetu maji hutoka siku moja, siku ya pili mabomba yamekauka. Siku ya maji mtaa mzima unafua. Alipanda zake, tukasikia ngazi zinalia. Yasniel alikuwa na kompyuta mapajani anaiangalia laini. Fermín, ambaye mkono wake mmoja ulipooza alipopata kiharusi, alikuwa anajikuna shavu.

"Mimi sikuiomba," alisema. "Lakini mkiileta sitaifukuza."

Alikuwa hajafunga mdomo. "Imekata!" Yasniel akapiga kelele. "Mnaona sasa? Mbele ya macho yenu!"

Nilikimbilia juu bila kuomba ruhusa. Nadhani tangu nyumba ile ijengwe hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Nikakuta mashuka yameanikwa safu kwa safu, mazito, yanachuruzika maji, na nyuma yake, hata haionekani, ndiyo antena yetu.

"We Osmel! Hodi huijui? Shuka chini nitoe nguo!"

"Mama, kumbe tukipiga hodi huwa unatoa nguo?"

"Sasa nifanyeje? Wageni wapite katikati ya viraka? Mimi nimelelewa, bwana!"

Nikavuta mashuka pembeni. Kutoka chini, sauti ya Yasniel: "Imerudi!" Nikayarudisha. "Imekata!" Maji ndiyo yaliyokuwa yanayala mawimbi; yakikauka alasiri, laini inarudi. Bi Idalmis alinitazama, akanipokonya mashuka, akafanya mwenyewe: imerudi, imekata, imerudi.

Wote wakapanda. Wa mwisho alikuwa Fermín, taratibu, mkono mzima umeshika chuma. Akaliangalia shuka la maua ya bluu.

"Hilo langu," akasema.

Kumbe tangu augue, Bi Idalmis ndiye alikuwa anamfulia, na hakuwahi kumwambia mtu. Yasniel alijifanya anakagua waya.

"Antena ibaki hapahapa," Fermín akasema. "Huyu mkimkasirisha, mimi atanifulia nani? Wewe Yasniel?"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Bi Idalmis alicheka na kulia kwa pamoja, akijifuta uso kwa shuka la watu.

Siku hiyohiyo tulihamishia kamba upande wa pili wa paa, na laini ikawa safi kabisa, haikati asubuhi wala jioni. Tukafurahi, tukacheza. Na kwa kuwa hakukuwa na tatizo, hakuna aliyepanda zile ngazi. Hata mimi, ninayejidai kumpenda, nilimpungia mkono tu nikipita.

Kisha siku moja ya maji, laini ikakata.

Tulipiga hodi. Safari hii hakutungojesha.

"Piteni, piteni! Kwani kuna nini?"

Birika kubwa lilikuwa jikoni linachemka, vikombe vimepangwa mezani, na Fermín ameshakaa, anatazama dari. Tukapanda. Juu ya paa kulikuwa na kamba mpya, fupi, na juu yake shuka moja la maua ya bluu, bichi, limefunika uso mzima wa antena.

Yasniel akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Tatizo ni kubwa!" nikapaza sauti ifike jikoni. "Hili litatuchukua siku nzima!"

Ngazi hazikulia, lakini tulisikia kabati likifunguliwa, sufuria ikigonga jiko.

"Basi," akajibu Bi Idalmis, "nabandika na wali."