Krimu ya Salome

Wenzangu wa bwenini, msicheke kabla sijamaliza.

Leo pale bombani Salome amenisema tena mbele ya watu. "Dada, vitabu vitakuzeesha. Tazama midomo ilivyopasuka! Mimi napaka krimu ya Ulaya."

Krimu yenyewe kaletewa na kaka yake, anayekamua ng'ombe shambani kwa mzungu.

Nikaomba kopo. Nikasoma Kiingereza chake, nikawafasiria wote: mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe.

"Lakini huyo ng'ombe aliyechorwa kwenye kopo si nembo tu?" akauliza Salome.

Nembo! Yuko kidato cha kwanza, na bado anatufundisha urembo.

Ila uso wake unang'aa kweli, na baridi ya Iringa imenimaliza. Watu walipoondoka nikamwomba kidogo.

"Kwani wewe ng'ombe?"

Haya, sasa chekeni.