Vijiti Kwenye Ukurasa wa Karai

Nimehama sana maishani. Nimekaa Pipeline, nikaenda Voi, nikaenda Kisumu, nikarudi Pipeline. Kila ninapofungua kiberiti katika chumba kigeni, nakumbuka kopo la majani chai lililokuwa kwenye chumba chetu cha mtaa wa Lucky Summer, miaka ya tisini, ambamo dada yangu alihifadhi vijiti vilivyokwisha kuwaka. Hatukuvitupa. Jiko la mafuta likishawaka, kijiti cha zamani kilishika moto hapo na kuwasha taa, na kile kipya kikabaki cha kesho.

Tulikuwa tumetoka kumzika mama, kwetu magharibi. Dada alirudi kwenye meza yake ya mboga, nami nikarudi kwenye kibarua cha kiwanda cha plastiki, mtaa wa Baba Dogo. Nilikula nilichopewa. Niliposalimiwa nilijibu. Kaburini watu walikuwa wamenitazama usoni kama wanaosubiri kitu, nami nilikuwa nikitazama tope kwenye viatu vya kasisi, nikiwaza kwamba litakauka kabla hajafika nyumbani.

Jumapili moja kanisani likasomwa tangazo: kampuni ndogo ya vitabu huko mjini inatafuta watu wa kawaida, wasome hadithi kabla hazijachapishwa. Malipo hakuna. Nilijitolea kwa sababu alasiri za Jumapili zilikuwa zimekuwa ndefu.

Mhariri alikuwa mama wa makamo aliyeongea huku akikohoa. Hakutaka tumwandikie maoni. Alisema watu wakiombwa maoni husifu tu, kwa heshima.

"Someni," alituambia. "Pale utakapochoka ukaweka hadithi chini, chomeka kijiti cha kiberiti, ukiache hapohapo. Kijiti hakina heshima. Vikikutana mahali pamoja, najua pale hadithi imelala."

Kila nakala ilipaswa kupita mikononi mwa watu watatu wa ploti moja, wapangaji wa ua mmoja. Yangu ilikuwa rundo la karatasi zilizopigwa chapa, zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi. Kijana jirani aliyekuwa akiosha viatu kwenye mfereji wa maji aliniona nikiingia nayo.

"Niaje, profesa. Hizo ni za kufungia nyama?"

"Ni hadithi."

"Inaisha aje?"

"Bado sijasoma."

"Ikiisha vibaya, pelekea mtu wa bucha."

Niliisoma alasiri hiyohiyo, nimekaa kwenye kizingiti. Ilihusu mama mmoja wa kijijini na mwanawe anayefanya kazi mbali. Katikati mwana anafariki. Baada ya mazishi wageni wanaondoka, mama anafagia uwanja, na karibu na pipa la maji anakuta alama ya kandambili ya mwanawe kwenye udongo. Wingu limetanda. Anachukua karai, analifunika juu ya ile alama mvua isiifute, kisha anaendelea kufagia. Nililisoma hilo kama ninavyosoma maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Nikafungua ukurasa uliofuata, na uliofuata, hadi mwisho. Sikuchomeka kijiti hata kimoja.

Dada aliichukua siku ya mapumziko yake. Nilikuwa kitandani, namwona. Alifika mahali akaacha kugeuza karatasi. Aliinuka, akatoa kijiti kwenye kopo, akakichomeka, akavuta blanketi langu nikiwa bado nimelilalia.

"Toka. Nafua."

"Si ulilifua juzi?"

"Nimesema toka, mwana wa mama."

Alifua blanketi safi hadi maji yakaisha, akachota mengine.

Mtu wa tatu alikuwa mama wa duka la pale langoni, mjane Mwislamu aliyetukopesha unga na kututukana kwa upendo. Alinirudishia nakala ikinuka iliki.

"Wewe kijana, hadithi yako imeniunguzia maharagwe."

"Pole, mama."

"Pole itapikwa? Nilifika pale pa karai nikafunga duka. Nimefunga duka mchana, watu wanadhani nimefiwa."

"Ilikuchosha?"

Alinitazama kama aliyeulizwa kama maji yana mifupa. "Kunichosha? Nenda zako."

Nilipoipeleka mjini, mhariri aliifungua mezani. Vijiti viwili vilikuwa kwenye ukurasa mmoja. Akatoa nakala nyingine, iliyotoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Nayo ilikuwa na vijiti vyake kwenye ukurasa uleule. Akavua miwani.

"Nilijua," alisema. "Sura ya mazishi inawaangusha wote. Mkubwa wangu anataka kitabu kifupi, na sasa ana sababu."

"Itakatwa?"

"Itakatwa. Na mwandishi ni mkunga mstaafu, mkaidi. Alishaniambia, mkitoa mazishi nirudishieni karatasi zangu zote. Hatakuwa na kitabu." Akapekua tena. "Vyako viko wapi?"

"Sikuweka."

"Uliisoma yote bila kusimama? Basi wewe peke yako ndiye uliyeipenda."

Nilitaka kukubali na kwenda zangu. Kukubali kulikuwa rahisi, na basi la kurudi lilikuwa karibu kujaa. Lakini nililikumbuka lile blanketi kwenye kamba, likitiririka maji.

"Hapana, mama," nilisema. "Hiki ni cha dada yangu. Hakuchoka. Alishindwa kuendelea. Tumemzika mama yetu juzijuzi. Na hiki ni cha mama wa duka, alifunga duka kwa ajili ya hilo karai. Mimi ndiye niliyepita tu. Ukipima kwa kijiti nisichoweka, utakosea."

Alikohoa kwa muda, uso ameugeuzia dirishani. Halafu akavaa miwani, akausoma ule ukurasa upya, polepole, kidole chake kikisimama kwenye kila mstari. Alipomaliza alichukua kijiti kwenye kiberiti chake mwenyewe, kipya, akakilaza kando ya vile viwili.

"Haitakatwa," alisema. "Mkubwa nitamweleza mimi."

Nilimkuta dada akichambua sukuma wiki.

"Wamesemaje?"

"Walitaka kutoa mazishi. Wameyaacha."

"Na karai?"

"Na karai."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kung'oa vijiti vya majani. "Wewe ulisimama wapi? Sikuona chako."

"Sikusimama."

Hakunilaumu. Alifuta mikono kwenye leso, akachagua kijiti kimoja kirefu kutoka kwenye kopo, akanitilia kwenye mfuko wa shati.

"Kaa nacho. Siku yako itafika. Sasa kachote maji."

Nilichukua mtungi nikaenda mferejini. Foleni ilikuwa ndefu, nikasimama nyuma.