Sikukuu ya Jamhuri

Jirani yangu hapa Isevya, Tabora, ni fundi cherehani, mkimbizi kutoka nchi moja ya mbali iliyopindua utawala wa makuhani ikawa jamhuri. Huongea kwa sauti ya chini, na kila mlango ukigongwa, mguu wake huacha kukanyaga cherehani. Juzi redio ilitangaza sherehe za mapinduzi yao. Nikampongeza: "Hongera, jirani. Leo ni sikukuu yenu."

Akaendelea kukunja pindo la kanzu ya mume wangu. "Dada Fakhria, makuhani walimfunga baba kwa kukataa kusali. Tukaandamana, tukawang'oa. Mwaka uliofuata jamhuri ikamfunga mama kwa kusali."

"Ametoka?"

"Alifia humo." Akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, ukakosa tundu mara mbili. Nikamtungia, kisha nikazima redio.