Tulivyoyaokoa Mawe ya Baba kule Kaisho

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya vita vya Kagera, nilifika kwenye kanisa la mawe pale Kaisho na brashi ya waya niliyoazima kwa fundi baiskeli. Nilijiona nimekamilika. Msimamizi wa Majengo, mtu wa Muleba asiyejua kunong'ona, aliitikia shikamoo yangu huku akininyang'anya brashi.

"Koku, jiwe halisuguliwi kama sufuria! Waya unalichuna, na vipande vyake vinavyobaki vinaota kutu."

Kuta zilikuwa nyeusi tangu juu hadi chini, na wengi tulidhani ni moshi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba weusi ule ni kitu hai: mwani na kuvu, vinavyoishi kwa unyevu. Lakini kamati ya kanisa ilikuwa imechoka. Weusi usipotoka kabla ya sikukuu ya mavuno, walisema, kuta zitapigwa plasta ya saruji na mawe yasionekane tena.

Mawe yale aliyachonga baba yangu. Alipopata habari ya plasta, mzee wa watu alisusa chakula. Ndiyo maana niliiomba kazi ile, mwanamke peke yangu kati ya vibarua.

Tulilowesha ukuta, tukakwangua ukoga kwa vibao vya mti, tukasugua kwa brashi za katani. Tulianza juu kushuka chini ili uchafu usichirizike palipokwisha kusafishwa. Mwisho tulipaka dawa ya kuua mwani uliojificha ndani ya vitundu vya jiwe. Kuta tatu zikarudia rangi yake ya udongo mwekundu. Ukuta wa nne nao ulitakata, ila mvua zilipoanza ukachafuka upya.

Msimamizi hakugusa brashi. Alinionyesha migomba ya jirani, Mzee wa Kanisa, iliyoulalia ukuta ule. Kwetu nyumba hukaa katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba, majani yakigusa madirisha, na ni fahari. Kwa jiwe ni balaa, maana jua haliingii na majani yanadondosha maji kutwa.

Nilikwenda kumwomba Mzee wa Kanisa aiondoe. Akawaka.

"Binti, migomba hii aliipanda baba yangu!"

"Na mawe yale aliyachonga baba yangu, mzee wangu."

Aliigeukia migomba yake. "Machipukizi atayahamisha nani?"

"Mimi."

Migomba ikakatwa, nami nikayabeba machipukizi kichwani hadi shamba lake la bondeni, mgongo ukiniuma, nikiimba. Msimamizi akafunga mifereji kwenye paa na kumwaga kokoto chini ya ukuta, maji yasirukie mawe. Tukausugua mara ya pili. Mvua zikanyesha, ukuta ukabaki safi, na kamati ikaifuta plasta yake.

Siku ya mavuno baba alikuja na mkongojo, akapapasa jiwe la kona. "Hili lilinivunjia patasi," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Baadaye nilisafisha shule Mabira na zahanati Kiruruma, kisha nikawa msimamizi mwenyewe hadi kustaafu. Vijana, kokote muendako, tafuteni kwanza maji yanatoka wapi, ndipo mshike brashi.

Mzee wa Kanisa mpaka leo huwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyeliokoa kanisa. Namwachia, maana migomba yake imestawi na mikungu huniletea. Mimi kila Jumapili baada ya ibada napita kwenye kona ya baba, naweka kiganja juu ya jiwe. Kavu.